Kupima Ulaji wa Betri



Zamani msafara ulipotoka Tabora kwenda Ujiji, kiongozi alihesabu kwanza posho: killa mpagazi kibaba kimoja kwa siku. Betri nayo ni ghala ya posho, na redio ndiyo mlaji. Basi yafaa kujua mlaji ala kiasi gani.

Fungueni waya mmoja utokao katika betri, mita iingie katikati kama daraja, umeme wote upite ndani yake. Anzeni na tundu la ampea 10, maana katika kipimo kidogo fyuzi hukatika upesi. Na angalieni sana: mita iliyowekwa kupima ampea isigusishwe ncha mbili za betri peke yake. Umeme utapita kwa nguvu zote, na betri kubwa yaweza kumchoma mtu.

Tuseme redio yala miliampea 140, na betri ya volti 12 imeandikwa ubavuni ampea-saa 7. Gawanyeni, mtapata saa 50. Lakini betri ya risasi na asidi huharibika ikikamuliwa mno. Tuhesabu nusu, saa 25.

Kisha zimeni redio, mpime tena. Mita ikionyesha hata miliampea 10, betri yaliwa mchana na usiku, na kwa siku 30 itakwisha yote. Hapo msimlaumu mwenye duka, mwiteni fundi. Kuanika betri juani, kama wengi wafanyavyo na zile kavu, hakumwondoi mlaji huyo.

Taa ya zahanati ipimeni vivyo hivyo, kabla mzazi hajaletwa usiku.