Kuketi Pamoja na Msomaji



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo anamsikia Mwethiopia akisoma kitabu cha nabii Isaya, anamwuliza kama anaelewa. Yule mtu, mkubwa aliyetunza hazina ya malkia, anakiri kwamba hawezi pasipo wa kumwongoza. Filipo akapanda garini, akaketi naye.

Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne. Ni jambo jema sana. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hunyamaza, akadhaniwa mzito.

Ndugu mwalimu mstaafu, karani, muuguzi, mwende mkuu wa shule iliyo jirani, uombe ruhusa ya kuketi na wanafunzi wawili watatu kila Jumamosi, pale pale shuleni. Usipeleke hotuba, hotuba wanazo, hata hizi zetu za redioni. Uliza kama Filipo. Wala usianze iwapo juma lijalo hutarudi, kwa maana watakungoja.