Jiwe Chini ya Mikaratusi

Mvua za kwanza zinapokaribia, watu wa Iringa na Mbeya hunoa majembe, hutengeneza plau, na kwenda mashambani. Ni majira ya matumaini. Lakini makatekista wanajua, na maparoko wanajua, ya kuwa haya ndiyo pia majira ambayo watu huja ofisini jioni, mmoja mmoja, uso umekunjamana, na neno lao la kwanza ni lile lile: "Baba, jirani amevuka."

Kuvuka kwenyewe mara chache huja kwa kishindo. Hakuna anayeamka asubuhi akang'oa mkonge wote wa mpakani mbele ya kijiji kizima. Mtu husogea tuta moja tu. Ng'ombe wa plau wamekosea kugeuka, basi. Nani atagombana kwa ajili ya hatua ndogo? Mwaka unaofuata wanakosea tena, na ajabu ni kwamba ng'ombe hao hawakosei kuelekea kwao hata siku moja. Tufanye hesabu kidogo. Mpaka una urefu wa mita 100, na jirani anasogea nusu mita kila msimu. Baada ya misimu 20 amekwisha kumega mita 1,000 za mraba, yaani karibu robo ekari. Robo ekari ya mahindi ni chakula cha watoto kwa miezi kadhaa, nacho kimeondoka pasipo hata siku moja ambayo mtu angeweza kusema: leo nimeibiwa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, Walawi wanaagizwa kutamka laana mbele ya taifa zima, na taifa liitikie Amina. Ndani ya orodha hiyo yumo mtu anayesogeza alama ya mpaka wa mwenzake. Na mara tu baada yake anatajwa anayempotosha kipofu njiani. Hatudhani kwamba wawili hao wamewekwa pamoja bure. Kipofu haoni anakopelekwa. Na mjane aliyeolewa akitoka kijiji kingine, je, yeye anaona mpaka ulipokuwa? Aliyeonyeshwa mpaka na baba yake ni mumewe, naye mumewe amelala kaburini. Angalieni vizuri, ndugu zangu, ni mipaka ya nani inayosogea katika vijiji vyetu. Mpaka wa mwenyekiti hausogei. Mpaka wa mwenye wana wanne wenye nguvu hausogei. Husogea wa mjane, wa yatima, wa mgonjwa, na wa kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi.

Tusiwe wepesi, hata hivyo, kumwita kila mgomvi mwizi. Nchi yetu ya Nyanda za Juu imepitia mambo yaliyoichanganya mipaka kwa namna ambayo hata watu waaminifu hawaelewani. Wazee wa Iringa hawajasahau Noeli ya mwaka 1971. Siku hiyo takatifu, huko Ismani, katika nyakati za kuanzisha vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Klerruu alimkuta mkulima Saidi Mwamwindi akilima shambani. Yakatokea maneno kati yao, na kabla ya jua kutua Mkuu wa Mkoa alikuwa amekufa kwa risasi. Mkulima alijipeleka mwenyewe polisi, na baadaye akahukumiwa kifo. Wajane pande mbili, yatima pande mbili. Hatulikumbuki jambo hilo ili kuhukumu tena yaliyokwisha kuhukumiwa. Twalikumbuka kwa sababu linaonyesha jinsi hasira ya ardhi inavyoweza kupanda ndani ya mchana mmoja.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu wakahamishwa, wakagawiwa viwanja na mashamba juu ya ardhi ambayo wengine walikuwa wameirithi kwa mababu. Miaka ilipopita, baadhi walirudi mahame, wakamkuta mwingine amekwisha kupanda kahawa. Nani amevuka hapo? Yule anayerudi kwenye makaburi ya babu yake, au yule aliyepewa na kijiji na kulima kwa jasho lake? Serikali ilijaribu mwaka 1992 kuzifuta kwa sheria haki za zamani. Mwaka 1994, Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kufutwa hivi hivi tu. Hata mahakimu wakuu, basi, hawakuliona jambo hili kuwa jepesi. (Iko pia mipaka kati ya vijiji na hifadhi, kama ile ya Mbarali tangu Hifadhi ya Ruaha ilipopanuliwa mwaka 2008. Hayo yanahitaji Jumapili yake.)

Wako wanaotuuliza: je, Mkristo hapaswi kusamehe tu na kuacha? Wanamtaja Ibrahimu, ambaye wachungaji wake walipogombana na wale wa Lutu alimwachia mdogo achague kwanza upande autakao. Ni mfano mzuri sana. Lakini tuutazame kwa makini: Ibrahimu aliachia kilichokuwa chake. Mama mwenye watoto wanne, anayelima shamba la marehemu baba yao, hawezi kuachia kwa jina la msamaha kitu ambacho si chake peke yake. Na Nabothi hakuwa mtu wa kinyongo alipomkatalia mfalme shamba la mizabibu. Alikuwa akitunza urithi wa baba zake. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Kunyamaza shamba likiliwa ni jambo jingine, na mara nyingi kunyamaza huko ndiko kunakokuza chuki, mpaka siku moja panga linainuliwa.

Tena kunyamaza kuna gharama yake serikalini. Sheria yetu ya ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake. Ikipita, mlango wa mahakama waweza kufungwa. Wavukaji wengine wanaijua hesabu hiyo kuliko wanavyoijua Baba Yetu. Kwa hiyo usingoje. Mwendee jirani yako kwanza, ninyi wawili, kama Bwana alivyotufundisha. Asiposikia, chukua wazee wanaoujua mpaka. Bado asiposikia, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imelitaka liwe na watu saba, wasiopungua watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, halitoi tena hukumu za ardhi bali hupatanisha, na likishindwa ndipo shauri huenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna jambo la kutufurahisha katika mpango huo: ngazi mbili za kwanza ni za mapatano, na ziko karibu, mtu afika kwa miguu. Anayezipita haraka kwenda wilayani hutumia nauli na ada, na mara nyingine thamani ya robo ekari huishia stendi ya basi.

Na lililo bora zaidi ni kuutembea mpaka kabla ya ugomvi. Wilaya ya Mbozi, ilipokuwa bado mkoani Mbeya, ilikuwa ya majaribio katika kuwapatia wanavijiji hati za hakimiliki za kimila. Huko Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, kuanzia mwaka 2014, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu ya mkononi. Simu hiyo huonyesha mahali penye alama. Haijui kama alama ni ya kweli. Ndiyo maana mwenye shamba na majirani zake hutakiwa kusimama pale wote, mbele ya kamati iliyochaguliwa na kijiji, na kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Wajane waandikishwe kwa majina yao, si kwa jina la shemeji.

Sasa ndugu zangu, nasi tunalo la kuungama. Katika parokia moja tuliyoitumikia, shamba la misheni lilipakana na shamba la mama mmoja mjane. Waliotutangulia walikuwa wamepanda mikaratusi mpakani. Mama yule alikuja baada ya Misa, akapiga goti kidogo, akasema: "Kamwene, Baba. Mistari miwili ya miti yenu imo kwangu, na mahindi yangu hayaoti chini yake." Tulimjibu kwa upole, na upole huo ndio unaotuuma hadi leo, kwamba aje baada ya mavuno. Baada ya mavuno tulikuwa na ziara ya Askofu. Kisha ikawa Kwaresima. Alikuja mara tatu. Hakutushtaki popote, nani kijijini humshtaki Padre?

Mwaka ule ule alifariki mzee ambaye katika ujana wake alishiriki kuuweka mpaka huo. Tulimzika sisi wenyewe. Tulipokuwa tukitoka makaburini, katekista wetu alitusogelea, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, leo tumemzika shahidi."

Hatukulala vizuri. Asubuhi tulikwenda shambani: sisi, katekista, mama yule, majirani wawili, na mtoto wa marehemu, aliyekumbuka kwamba baba yake alizoea kukaa juu ya jiwe moja akichunga mbuzi. Tulifukua majani makavu tangu asubuhi hadi saa sita. Jiwe likaonekana. Mama alikuwa amedai mistari miwili; jiwe lilikuwa nyuma ya mstari wa tatu.

Hakusema neno. Aliketi juu ya jiwe lile akajifuta uso kwa khanga. Miti ilikatwa mwezi huo, mbao zikawa zake, naye akaezeka nyumba kwa sehemu ya mbao hizo. Lakini visiki vya mikaratusi, kama mjuavyo, huchipua tena visipong'olewa, nasi hatukuwa na fedha za kung'oa vyote. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, mpaka tulipohamishwa, tulikwenda na katekista, kila mmoja na panga lake, kukata machipukizi, na mama yule alikuwa akitungojea pale jiweni na viazi vya moto.

Tumsifu Yesu Kristo.