Kuchagua Diski ya SSD kwa Kompyuta Mpakato Nyembamba: Pima Kwanza, Ndipo Ununue



Tumekutana leo kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachotoshea katika kiganja cha mtoto, nacho ndicho kinachobeba tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za mwenye duka na picha za harusi za familia nzima. Kitu hicho ni diski ya kuhifadhia kumbukumbu ndani ya kompyuta mpakato. Mlaji akinunua diski isiyofaa, hapotezi fedha peke yake. Huenda akapoteza pia kazi ya miaka ambayo hakuna duka linaloiuza. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuzungumze nanyi kwa utulivu kabla hamjaingia dukani, maana ushauri unaokuja baada ya malipo huwa umechelewa.

Diski za zamani zilikuwa na sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa kidogo cha kusomea juu yake. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Huhifadhi kumbukumbu kwa chaji za umeme ndani ya chipu. Ndiyo maana haina kelele, hustahimili mtikisiko wa daladala kuliko ile ya kale, na humwezesha mwenye kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka aione ikiwaka kwa sekunde chache. Kubadilisha diski badala ya kununua kompyuta mpya ni hatua ya busara kwa mtu mwenye kipato cha kawaida. Lakini kompyuta nyembamba haina nafasi ya kusamehe kosa. Ndani yake kila milimita imekwisha kupangiwa kazi, na diski nzuri isiyoenea ni sawa na kiatu kizuri cha mguu wa mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu bei wala kasi. Swali la kwanza ni hili: je, diski ya kompyuta yangu hubadilishika? Zipo kompyuta nyembamba ambazo chipu zake za kumbukumbu zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. MacBook Air zilizotolewa tangu mwaka 2018 ni za namna hiyo. Zile za mwaka 2010 hadi 2017 diski yake hutoka, lakini kiunganishi chake ni cha kampuni yenyewe, na diski ya kawaida haiingii humo bila kipande cha kuunganishia. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu nazo hutumia kumbukumbu ya eMMC iliyolehemiwa, mara nyingi ya gigabaiti 32 au 64. Mwenye kompyuta kama hizo akiuziwa diski ya ndani, ameuziwa kitu kisicho na mahali pa kukaa. Humfaa zaidi diski ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB.

Ikiwa diski hubadilishika, swali la pili ni la umbo. Kompyuta za miaka iliyopita hutumia diski ya inchi 2.5, na hapo unene ndio wa kuangaliwa: ziko za milimita 7 na za milimita 9.5. Nafasi ya milimita 7 haikubali diski ya milimita 9.5, hata kwa kusukuma. Kompyuta nyembamba za sasa hutumia kipande kirefu chembamba kiitwacho M.2, nacho huandikwa namba kama 2280, 2242 au 2230. Namba hizo husomeka kwa urahisi. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana, yaani milimita 22; zinazofuata ni urefu, yaani milimita 80, 42 au 30. Mwenye nafasi ya 2242 akinunua 2280 atakuwa na sentimita karibu nne za ziada zisizo na pa kwenda.

Swali la tatu ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa macho hayalioni. Vipande viwili vya M.2 vyaweza kufanana kwa urefu na upana, kumbe kimoja huwasiliana na kompyuta kwa mfumo wa SATA na kingine kwa mfumo wa NVMe. Nafasi inayopokea SATA pekee haitaitambua diski ya NVMe, na nafasi ya NVMe pekee haitaitambua ya SATA. Diski itaingia, skrubu itafungwa, na kompyuta itasema haioni kitu. Mafundi husema kwamba ya SATA huwa na mapengo mawili kwenye meno yake na ya NVMe huwa na moja. Kwa kawaida ni kweli, lakini zipo za NVMe zenye mapengo mawili, hivyo pengo lisiwe shahidi pekee. Shahidi wa kuaminika ni kitabu cha maelezo cha kompyuta yenyewe. Tazameni jina kamili la toleo kwenye kibandiko kilicho chini ya kompyuta, kisha mtafute maelezo hayo katika tovuti ya mtengenezaji.

Swali la nne ni la unene wa kipande chenyewe. Baadhi ya diski za M.2 zina chipu upande mmoja, nyingine pande zote mbili. Katika kompyuta nyembamba sana zile za pande mbili huenda zikagusa bodi iliyo chini yake au zikazuia mfuniko usifunge vizuri. Aidha, zipo diski zinazouzwa zikiwa zimebandikwa bati nene la kupoozea joto. Hizo zimekusudiwa kompyuta kubwa za mezani. Kwa kompyuta nyembamba chagueni yenye chipu upande mmoja na isiyo na bati.

Sasa tufike kwenye kasi, jambo ambalo huandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote juu ya boksi. Diski ya SATA husoma kwa takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Diski ya NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe hufikia kama 3,500, na ya kizazi cha nne hufikia kama 7,000. Namba hizi huvutia, lakini yapo mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, diski ya kizazi cha nne ikiwekwa katika kompyuta ya kizazi cha tatu hufanya kazi, ila kwa kasi ya kizazi cha tatu. Mnunuzi huwa amelipia mbio ambazo kompyuta yake haiwezi kukimbia. Pili, kasi kubwa huzaa joto, na ndani ya kompyuta nyembamba joto halina pa kutokea. Diski ikipata joto mno hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa anayeandika barua, kusoma mtandaoni na kutunza hesabu, tofauti kati ya diski ya wastani na ya kasi kuu ni ndogo kuliko tofauti ya bei zake.

Afadhali fedha hiyo iende kwenye ukubwa na uimara. Kuhusu ukubwa, msishtuke mkiona diski ya gigabaiti 500 ikisomeka 465 katika Windows, au ya terabaiti 1 ikisomeka 931. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Kuhusu uimara, tafuteni kifupi cha TBW, yaani jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali ziandikwe kabla waranti haijakoma. Zipo diski nyingi za gigabaiti 500 zenye TBW 300. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, kiasi kikubwa kwa matumizi ya nyumbani, huandika terabaiti 7.3 kwa mwaka. Ingemchukua miaka zaidi ya 40 kuzimaliza. Kwa mlaji wa kawaida, basi, uchakavu wa kuandika si tishio kubwa. Tishio kubwa ni diski bandia, na diski kuukuu iliyovikwa boksi jipya.

Diski bandia hujulikana kwa ahadi yake: ukubwa mno kwa bei ndogo mno. Ndani ya baadhi ya zile za nje zinazotangazwa kuwa na terabaiti nyingi hukutwa kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, imerekebishwa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mafaili huonekana yameingia, lakini ukubwa wa kweli ukishajaa, yanayofuata hupotea bila onyo. Kwa hiyo ijaribuni diski mpya ingali tupu. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote kisha husoma tena kilichoandikwa, na uongo hudhihirika. Programu nyingine ya bure, CrystalDiskInfo, huonyesha saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi na kiasi kilichokwisha kuandikwa. Diski iliyouzwa kuwa mpya ikionyesha maelfu ya saa, si mpya, hata kama karatasi yake ya nailoni haijachanwa.

Tuje kwenye haki zenu mnaponunua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tena, mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo kusudi la ununuzi wake na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa hupaswa kufaa kwa kusudi hilo. Lakini anayeagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara hupungukiwa na ulinzi huo wa pili. Tazameni, basi, umuhimu wa maneno machache. Anayesema, “Nipe SSD ya kampuni fulani,” amejichagulia mwenyewe. Anayesema, “Nataka SSD itakayofanya kazi katika kompyuta hii, toleo hili,” amemkabidhi muuzaji wajibu. Semeni maneno hayo, kisha mwombe yaandikwe kwenye risiti: toleo la kompyuta, aina ya diski, ukubwa wake, na muda wa waranti. Daini risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, lakini madai yasiyo na karatasi ni magumu kuyathibitisha. Muuzaji akikataa kurekebisha kosa, tuleteeni malalamiko kwa maandishi pamoja na nakala ya risiti hiyo.

Kabla ya kufungua kompyuta, fanyeni nakala ya mafaili yote mahali pengine, na mhakikishe nakala hiyo inafunguka. Ikiwa Windows yenu imefungwa kwa BitLocker, tafuteni na mwandike ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48, maana bila huo hata fundi hodari hatawasaidia. Fundi azime kompyuta na atenganishe betri kwanza. Diski ya zamani ni mali yenu: ichukueni. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi kikweli katika diski ya sahani, na aliye nayo aweza kuyafufua. Kumbukeni pia kwamba SSD nayo hufa, mara nyingine bila dalili yoyote, na kilichofutwa ndani yake ni kigumu sana kukirudisha. Nakala ya akiba haina mbadala, hata diski iwe ya bei gani.

Kwa kumalizia, ndugu zetu, twawaomba mwende dukani mkiwa na karatasi yenye majibu ya maswali manne: inabadilishika? Umbo na urefu gani? SATA au NVMe? Upande mmoja au pande mbili? Mwenye majibu hayo atazungumza na muuzaji juu ya bei akiwa anajua anachokitafuta. Asiyekuwa nayo aahirishe ununuzi, arudi nyumbani akasome kibandiko cha kompyuta yake. Kuchelewa siku moja hakugharimu kitu.