Kalamu Yako Itapatanisha au Itachoma?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa)

Ndugu wanakisomo,

Leo hatusemi habari za mbolea wala za choo bora. Leo tunasema habari za kazi ya mwanasheria, na habari za wema kwa wenzetu.

Mtauliza, "Sisi na uanasheria wapi na wapi?" Ngojeni kidogo.

Tangu mjue kusoma na kuandika, wengi wenu mmepata kazi mpya kijijini. Jirani anabisha hodi jioni. Anasema, "Mwenzangu, wewe unaijua kalamu. Niandikie barua nimshtaki fulani. Mpaka wa shamba langu kausogeza." Unaketi, unaandika. Hapo umekwisha kuwa mwanasheria kidogo! Basi tujiulize: kazi ya mwanasheria ni nini? Ni kushinda tu?

Mwaka 1893 kijana mmoja wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alisafiri kwa meli kwenda Afrika Kusini. Meli yake ilipita huku kwetu: Lamu, Mombasa, kisha Unguja. Wengi tunalijua jina lake, kwa sababu baadaye aliwaongoza Wahindi kudai uhuru. Lakini mwaka ule alikuwa mwanasheria wa miaka 23 tu, mwenye haya ya kusema mbele za watu.

Alikwenda kumsaidia mfanyabiashara aliyeitwa Dada Abdulla. Huyu alimdai mwenzake, Tyeb, paundi 40,000. Nao walikuwa ndugu, tena watu wa mji mmoja huko India. Gandhi alisoma makaratasi yote. Akaona kuwa haki iko upande wa tajiri wake. Lakini akaona na jambo la pili: kesi ikiendelea, itawala wote wawili. Gharama za mawakili zilipanda kila siku, na ndugu walizidi kuchukiana.

Akawasihi wachague mtu wa kuwaamua nje ya mahakama. Wakakubali. Dada Abdulla akashinda: alipwe paundi 37,000 pamoja na gharama.

Je, kazi ilikwisha? Mwanasheria mwingine angefunga mkoba wake akaenda zake. Gandhi hakufanya hivyo. Tyeb hakuweza kulipa fedha zote mara moja. Akibanwa, atafilisika, na kwa wafanyabiashara wale kufilisika kulikuwa aibu kuliko kifo. Basi Gandhi akaenda kumbembeleza mshindi: mwache alipe kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Mwenyewe aliandika kuwa kazi hii ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Mwisho Dada Abdulla akakubali. Mmoja akapata haki yake, mwingine akabaki na heshima yake. Hapo ndipo Gandhi alipoelewa kuwa kazi ya mwanasheria ni kuwaunganisha watu waliotengana. Akaifanya kazi hiyo miaka mingi.

Tazameni pia alivyoishi na wenzake ofisini. Mwaka 1904 tauni iliingia Johannesburg. Wagonjwa 23 walikusanywa katika nyumba tupu, na watu wa kuwauguza walikuwa wachache. Makarani wanne wa Gandhi wakakubali kwenda pamoja naye. Mwenzao mwingine wa ofisini, Ritch, naye alitaka kwenda. Gandhi akamkataza, kwa sababu alikuwa na watoto wengi wa kuwatunza. Akamwachia kazi za nje, mbali na hatari. Hakumwita mwoga, wala hakumpunguzia heshima. Mtu anayewajali wenzake hujua mzigo ambao kila mmoja ameacha nyumbani.

Na sisi tumeuona wema wa namna hii. Katika darasa letu moja kando ya ziwa palikuwa na mzee ambaye macho yalimsumbua. Zamu yake ya kusoma ilipofika alitetemeka. Mama aliyekaa karibu naye akasogeza kitabu, akaweka kidole chini ya neno, akanong'ona herufi ya kwanza. Hakucheka. Hakumwambia mwalimu. Kila siku alifanya hivyo. Mzee yule hakuacha kisomo, na leo anasoma mizani mwenyewe anapouza mahindi yake. Mama yule hakupewa cheti cha wema. Lakini wangapi wameacha kisomo kwa sababu ya kicheko kimoja tu?

Ndugu, haya si mageni kwetu. Wamatengo zamani walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja, na hapo hapo mzee wao alisikiliza magomvi na kutoa mawaidha. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye mkono wake na wako vinakutana katika sahani moja.

Na sheria ya nchi imelitambua jambo hili. Mwaka 1994, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, usuluhishi uliingizwa katika kanuni za kesi za madai. Tena tangu mwaka 2021 baraza la kata haliamui kesi ya ardhi. Kazi yake katika ardhi ni kuwasuluhisha wanaogombana.

Hatusemi mwenye haki anyamaze. La! Aliyepigwa au aliyedhulumiwa aende mbele, na barua yake mwandikieni vizuri. Lakini kwa ugomvi wa mpaka, wa deni au wa mbuzi aliyekula mihogo, kabla ya kuandika muulize kwanza jirani yako: "Umekwisha kuongea naye?" Huenda barua ya kwanza ikawa ya kumwalika mwenzake wakutane. Barua hiyo nayo inahitaji kalamu.

Kesi itakwisha. Mpaka wa shamba utabaki, na majirani wawili watabaki pande zake mbili. Tuwaache wakiwa bado wanaamkiana.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini Gandhi hakuona kuwa kazi imekwisha baada ya kushinda?
2. Ni magomvi gani ya kijijini petu yanaweza kupatanishwa? Yapi hayafai kupatanishwa tu?
3. Ni mwenzako gani anayehitaji kusaidiwa bila kuaibishwa? Usitaje jina. Nenda ukamsaidie.