Kabla ya Kununua Dawa ya Nyasi za Ua



Tukitembelea maboma wakati wa kiangazi, swali ni lile lile: "Nyasi za ua zimekufa viraka viraka, tupulize dawa gani?" Sisi tunasema, ngoja kwanza. Shika nyasi za ukingoni mwa kiraka, uvute.

Zikiinuka kama mkeka, chimbua kidogo. Utaona mabuu weupe wenye vichwa vya kahawia, wamejikunja. Hao ndio wala mizizi. Wafunue asubuhi uwaachie kuku. Kazi hiyo wanaijua.

Kama mizizi ni mizima ila majani yamekatwa, ni viwavi au mchwa. Viwavijeshi hula majani tu, na mvua ikiendelea nyasi huchipuka tena. Mchwa hukata nyasi zaidi wakati wa ukame. Sasa, yule anayefagia ua hata jani kavu lisibaki, amemwachia mchwa chakula gani? Zile nyasi hai tu!

Na kama nyasi hazing'oki na mdudu haonekani? Basi adui ni miguu yetu, mbuzi aliyefungwa pahali pamoja, na ufagio. Udongo umekuwa mgumu kama saruji. Mvua haiingii, inateremka na udongo mpaka msingi wa nyumba unabaki wazi. Hapo hakuna dawa ya dukani. Lima kwa jembe la meno, changanya samadi iliyooza, na masika yakianza panda vipande vya nyasi ya Kikuyu vyenye mizizi, futi moja moja. Sehemu za joto kama Ukambani nyasi hiyo husumbuka. Tafuta ukoka wa hapo hapo. Zungushia miiba mpaka ishike. Njia ya kwenda chooni msiipande, wekeni mawe, maana watu watapita tu.

Tena kuna dieldrin, iliyotumiwa kuua mchwa kwa miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka kati ya sumu za kuondolewa duniani, kwa kuwa hukaa udongoni miaka na miaka, na huingia hata katika maziwa ya mama. Kuku akichokora hapo, mayai tunawapa watoto. Ukikuta mkebe wa zamani ghalani usio na maandishi, usiufungue wala usiuzike. Uweke mbali na watoto na chakula, kisha umjulishe afisa wa kilimo wa wadi.