Bomba Likikatika, Tutachota Wapi? Maswali Matatu ya Kuuliza Kabla ya Maafa

(Maelezo yaliyotolewa kwa watumiaji wa huduma, Kata ya Kikwe, Halmashauri ya Wilaya ya Meru)



Tumekuja kuzungumza juu ya siku ambayo hakuna anayeiombea: mvua imekata barabara, bomba limeng'oka, nguzo ya umeme imeanguka.

Ndugu zetu wa Hanang waliiona siku hiyo tarehe 3 Desemba 2023. Tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Walionusurika walihitaji maji, mwanga na matibabu wakati uleule ambao miundombinu ilikuwa imeharibika. Kikwe nayo ipo chini ya Mlima Meru, katika uwanda unaopokea mito inayoelekea Kikuletwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Lakini mpango uliofungiwa kabatini haumfai mwananchi. Tunawaomba muulize mambo matatu.

Kwanza, bomba likikatika tutachota wapi? Vyanzo vingi vya ukanda huu vina madini ya floraidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hadi yatokote walau dakika moja huua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, lakini hakuondoi floraidi. Vidonge vya kutibu maji navyo haviiondoi. Kwa siku chache za dharura, vijidudu ndio adui wa kwanza; chemsheni. Hatari ni dharura kugeuka mazoea: kisima cha siku tatu kikitumiwa miaka mitatu, watakaolipa ni watoto, kwa meno na mifupa yao. Kwa hiyo chanzo cha akiba kipimwe sasa, na kila kaya ikijue.

Pili, umeme ukikatika zahanati itapata wapi nguvu? Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na mama mjamzito hachagui saa ya kujifungua. Ulizeni kama ipo sola au jenereta, mafuta yake hulipiwa na fungu gani, na ufunguo wa chumba chake anao nani usiku.

Tatu, nani atatutaarifu, na kwa njia gani? Simu zikizimika, taarifa itapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mbiu, au kwa kipaza sauti cha kanisani na msikitini? Nani atamfikia mzee anayeishi peke yake? Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji ijulikane hata kwa watoto, na waya wa umeme ulioanguka usiguswe na mtu yeyote.

Mahali pa kuuliza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Msiridhike na jibu la "tunalishughulikia". Ombeni jina la mhusika na tarehe ya utekelezaji, na vyote viandikwe kwenye muhtasari, ili mkutano ujao uanzie hapo.

Iwapo mtoa huduma wenu wa maji au umeme hatimizi wajibu wake, pelekeni kwanza malalamiko kwake kwa maandishi, mkitunza nakala yenye tarehe. Asipoyatatua, leteni nakala hiyo kwetu, mamlaka ya udhibiti. Lalamiko lenye tarehe hutupa pa kuanzia. Manung'uniko ya kisimani hayatufikii.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Maswali haya hayagharimu kitu yakiulizwa wakati wa kiangazi. Yakisubiri masika, huenda yakakosa wa kuyajibu.