Haki Yako ni Wajibu Wangu

(Maneno aliyoyasema mfanyakazi wa njia ya reli katika mkutano wa tawi.)



Nimetakiwa niseme juu ya haki na wajibu wa raia katika Katiba ya Kenya. Mimi si wakili. Nilisoma katika shule ya misheni hata darasa la nane, kisha nikatafuta kazi. Lakini Katiba haikuandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Tarehe 4 Agosti 2010 nilipanga foleni tangu alfajiri nikapiga kura ya kuikubali, nayo ndiyo kura yangu ya kwanza maishani. Tarehe 27 mwezi ule ule Katiba ikatangazwa rasmi katika Uhuru Park, Nairobi. Basi ni mali yetu, na mwenye mali hana budi kujua kilichomo ndani ya sanduku lake.

Nitaanza kwa kuwaeleza aibu yangu.

Kabla ya kuingia reli nilikuwa kibarua katika godauni, kwa mwajiri ambaye sitamtaja. Siku moja mizigo ikapotea. Mwenzangu mmoja akashukiwa, akaitwa ofisini. Alinijia akaniambia, "Ndugu, twende pamoja. Siku ile tulikuwa sote wawili tukipakua lori upande wa pili. Wewe unajua." Kweli nilijua. Lakini nilimjibu, "Mimi nina watoto wawili. Nenda peke yako." Akaenda peke yake. Haikupita nusu saa akatoka na barua ya Kiingereza ambayo hakuweza kuisoma vizuri, na tayari ameitia sahihi. Akachukua mfuko wake akaenda zake. Hakunitukana. Alinitazama tu, na hata leo bado naona macho yale.

Miaka ikapita ndipo nikasikia sheria inavyosema. Kumbukeni nambari 41, kwa maana imo mara mbili. Katika Katiba, kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, hali nzuri ya kazi, kuunda chama na kuingia katika chama cha wafanyakazi, na kugoma. Na katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Tena mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama, amchague mwenyewe, naye mwajiri lazima awasikilize wote wawili kabla ya kukata shauri.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Haki ile ilikuwa ya mwenzangu, imeandikwa na serikali yake inaitambua. Lakini ingewezaje kumsaidia kama mimi nimekataa kuinuka? Mwajiri alimnyima haki yake kwa upande mmoja, na mimi nikamnyima kwa upande wa pili. Ndiyo sababu nasema, haki yako ni wajibu wangu, na haki yangu ni wajibu wako. Ninyi mnaofanya kazi ya njia mnajua kwamba garimoshi halipiti juu ya reli moja.

Watu husema, "Katiba ni mambo ya serikali." Sivyo. Kifungu cha 20 chasema kwamba Sheria ya Haki inafunga vyombo vyote vya serikali na watu wote. Maana yake inamfunga mwajiri, inamfunga nyapara, nayo inatufunga sisi. Na kifungu cha 3 kinampa kila mtu wajibu wa kuiheshimu Katiba na kuitetea.

Tusidhani kwamba haki hizi zilianguka kutoka mbinguni kama mvua. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, watu wa reli na wa bandarini wakiwa mbele. Mwezi wa Agosti mwaka ule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Baringo. Makhan Singh, aliyeshirikiana na Fred Kubai kuanzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi mwaka 1949, alikamatwa Mei 1950, na hakuachiliwa hata Oktoba 1961. Wazee wale walilipa kwa miaka ya maisha yao. Sisi twaombwa nini? Kuketi kitini karibu na mwenzetu kwa nusu saa!

Basi wajibu wetu ni huu:

Kwanza, ukiitwa ofisini usiende peke yako, na mwenzako akikuita usimwache. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Pili, aliyefukuzwa asikae nyumbani akilia. Apeleke malalamiko yake kwa Afisa wa Kazi kabla ya miezi mitatu kwisha. Mwenzangu yule hakujua, na mimi sikujua, siku zikapita.

Tatu, mgomo una njia yake. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 yataka kwanza ugomvi upelekwe kwenye upatanishi, na ukishindikana itolewe notisi ya maandishi ya siku saba. Anayeruka hatua hizi anamkabidhi mwajiri fimbo ya kutupigia.

Nne, kifungu cha 37 kinaturuhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Anayeokota jiwe ametupa haki yake chini. Wala tusimpige asiyetaka kuwa mwanachama, maana kifungu cha 36 chakataza mtu kulazimishwa kuingia katika chama. Tumvute kwa maneno na kwa matendo mema.

Tano, tulipe ada, tuje mikutanoni, tupige kura ya kuchagua viongozi wa tawi. Mtu asiyemuuliza mweka hazina wake habari za hesabu, atamuuliza nani serikalini?

Ndugu zangu, mwaka jana nyapara alimwita kijana mmoja wa kundi letu. Kijana alinitazama bila kusema neno. Niliweka sururu chini, nikapangusa mikono, tukaenda wote wawili. Alipewa onyo, akarudi kazini. Moyo ulinipiga sana mle ndani, siwafichi. Lakini nilikaa kitini.

Umoja ni nguvu.